Ufadhili kamili au jina la Makerere? Jibu kwa mama wa Busia

"Habari mwalimu. Binti yetu wa kwanza amemaliza S.6, yaani kidato cha sita, kapata pointi 17, hisabati A. Anataka kusomea uhandisi wa ujenzi. Makerere wamemkubali, lakini kwa praiveti, tujilipie wenyewe. Tumekaa na kalamu: karo, hosteli, chakula, nauli na vifaa vinafika kama shilingi milioni 10 za Uganda kwa mwaka, na kozi ni miaka minne. Chuo kingine cha binafsi, kidogo, kisicho na jina, kimempa ufadhili kamili kwa kozi hiyohiyo: karo, malazi na chakula, mradi wastani wa alama zake usishuke chini ya 3.60 kati ya 5. Mume wangu anaendesha lori la Malaba hadi Juba, mimi nauza vitenge sokoni hapa Busia. Yeye anataka tuuze kiwanja chetu cha Masafu, pale tunapolima muhogo, ambacho tumeambiwa kitaleta milioni 18, mtoto aende Makerere. Shemeji naye anasema chuo cha kwanza Uganda hakikataliwi, na kwamba hicho kingine hata kwenye orodha za vyuo bora duniani hakimo. Wadogo zake watatu bado wako shule. Mimi roho inasita. Tuna wiki tatu za kujibu. Nisaidie, maana nyumbani hatuelewani."

Mama, hongera kwanza, halafu pole. Mtoto wa kike mwenye A ya hisabati na barua mbili za uhandisi mkononi si jambo dogo, na mnastahili kulifurahia kabla ya kuligombania.

Nikisoma barua yako naona hofu mbili. Baba watoto anaogopa binti atamaliza na shahada ambayo mwajiri ataitazama na kuiweka pembeni. Wewe unaogopa nyumba kufilisika katikati ya safari. Hofu zote mbili zina msingi, kwa hiyo sitaanza kwa kumwambia mmoja wenu kwamba anakosea. Kwa yale uliyoniandikia, mimi naegemea upande wa ufadhili. Lakini kuna mambo ya kuhakikisha katika wiki hizi tatu, na moja kati yake likienda vibaya, nami nitahama upande.

Tuanze na shemeji na orodha zake. Watu wanadhani kuna mahali wataalamu hukaa darasani, wakasikiliza mhadhiri akifundisha, kisha wakatoa alama. Hakuna kitu kama hicho. Orodha ya Shanghai, kwa mfano, hutoa asilimia 30 ya alama zake kwa tuzo za Nobel na nishani za Fields, zile za hisabati, walizopata wahitimu na walimu wa chuo. Ile ya QS hutegemea sana maoni ya wasomi wanaoulizwa ni vyuo gani wanavisifu, pamoja na idadi ya mara ambazo tafiti za chuo zimenukuliwa na watafiti wengine. Webometrics, orodha nyingine, huangalia zaidi jinsi chuo kinavyoonekana kwenye intaneti. Chuo kidogo kinachofundisha tu, bila watafiti wengi, hakiwezi kuonekana huko hata kama walimu wake wanajua kuchanganya zege kuliko mtu yeyote Kampala.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi. Makerere inasimama juu kwenye orodha hizo hasa kwa sababu ya utafiti wa afya. Kazi zake kuhusu UKIMWI, malaria na kifua kikuu zinasomwa dunia nzima. Ni fahari ya nchi, lakini haikwambii chochote kuhusu maabara ya udongo au kuhusu wanafunzi wangapi wanagawana kifaa kimoja cha kupimia ardhi. Cheo cha chuo kizima hakihamii kwenye kila kozi yake. Hiyo haimaanishi uhandisi wa Makerere ni dhaifu, sivyo kabisa. Wanafunzi na walimu wa hapo ndio waliotengeneza gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na wahandisi wengi wakubwa wa nchi hii wamepita pale. Ninachosema ni kwamba hoja ya orodha, peke yake, haitoshi kuuza kiwanja.

Hoja ya mume wako ina uzito kuliko ya shemeji, na ningependa umsomee aya hii. Mwaka 2002 wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walitoa utafiti uliowashangaza wengi. Waliwalinganisha vijana waliokubaliwa na vyuo vyenye ushindani mkali: wengine walikwenda huko, wengine wakachagua vyuo vya kawaida. Baada ya miaka, mapato yao yalikaribiana. Yaani bidii na akili alizokuja nazo kijana zilifanya kazi kubwa kuliko jina la chuo. Lakini palikuwa na kundi moja lililofaidika kweli kwa kwenda chuo chenye jina: watoto wa familia za kipato kidogo. Utafiti wao wa baadaye ulionyesha hali hiyohiyo kwa watoto ambao wazazi wao hawakusoma sana. Marekani si Uganda, na sitaki kuubeba utafiti wao mzimamzima hadi Busia, lakini sababu yake inaeleweka hata hapa. Mtoto wa mhandisi wa Kololo, mtaa wa matajiri Kampala, tayari anajuana na watu. Mtoto wa dereva anakutana nao chuoni kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo baba watoto hajadanganyika: Makerere, iliyoanza mwaka 1922, ina wahitimu kila ofisi, na hilo lina thamani kwa binti yenu pengine kuliko kwa mtoto wa tajiri.

Sasa njoo kwenye pesa, maana hapo ndipo mambo yanapogeuka.

Milioni 10 mara miaka minne ni milioni 40. Kiwanja kinaleta milioni 18. Kiwanja kinakwisha kabla mwaka wa pili haujaisha. Milioni 22 zilizobaki zitatoka kwenye lori na vitenge, wakati huohuo wadogo zake watatu wanadai karo zao na muhogo wa Masafu haupo tena mezani. Na hesabu hiyo inadhani hakuna kitakachopanda bei, hakuna mtihani wa kurudia unaolipiwa tena, hakuna kompyuta itakayoibwa hosteli za Kikoni, pale jirani na Makerere. Inadhani pia kwamba barabara ya Juba itakuwa wazi miaka minne mfululizo. Wewe unaishi mpakani, huhitaji mimi kukukumbusha foleni za malori za mwaka 2020 wakati wa korona.

Nimewaona wazazi wengi wakifikiri hivi: tuanze tu, Mungu atafungua njia. Semista ya kwanza inalipwa yote, picha zinapigwa. Ya tatu inalipwa nusu. Vyuo vyetu havimtoi mwanafunzi nje ya darasa siku ileile anapodaiwa, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu anaendelea kuhudhuria, anaandika kazi zote, anajipa moyo, halafu wiki ya mitihani anakosa kibali kwa sababu deni halijaisha. Semista nzima imeliwa. Anapewa mwaka wa kukaa nje atafute pesa, na wengi hawarudi. Huyo hana shahada ya Makerere wala ya mahali pengine, na kiwanja hakipo. Ukitaka kujua hatari kubwa inayomkabili binti yenu, ni hiyo, kabla hata ya kufikiria chuo kisicho na jina.

Ongeza jambo dogo: kwenye vyuo vya umma huwa kuna migomo. Novemba 2016 Makerere ilifungwa kwa amri ya Rais na ikafunguliwa Januari 2017. Mwenye hosteli hakurudishii kodi kwa sababu chuo kimefungwa.

Na kuhusu kiwanja chenyewe: kama ndipo mnapoishi au mnapopata riziki, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka ridhaa yako kabla hakijauzwa. Sisemi hivyo ili mgombane zaidi. Nasema ili ujue kwamba sauti yako katika jambo hili si hisani ya mtu.

Je, basi ufadhili ni salama? Si lazima. Neno "kamili" limewaumiza watu, na barua ya ufadhili isomwe kwa makini kama mkataba wa mkopo.

Kwanza hiyo 3.60. Katika mfumo wetu wa alama tano, 3.60 ndipo linapoanza daraja la pili la juu. Si lelemama kwa uhandisi, hasa mwaka wa kwanza ambapo hisabati na mekanika huwashtua hata waliotoka na A. Wastani wenyewe hukokotolewa kwa kulimbikiza semista zote, kila somo na uzito wake. Maana yake, binti akianza na 3.20 semista ya kwanza, atahitaji 4.00 ya pili ili wastani ufike 3.60, masomo yakiwa na uzito sawa. Kadiri semista zinavyorundikana ndivyo shimo la mwanzo linavyokuwa gumu kufukiwa. Kwa hiyo waulizeni, na wajibu kwa maandishi: alama inapimwa kila semista au mwisho wa mwaka? Akishuka anapewa onyo na muda wa kurekebisha, au ufadhili unakatwa palepale? Ukikatwa, anaweza kuurudisha? Karo ya kawaida ya kozi hiyo ni kiasi gani, ambayo mtaanza kudaiwa siku hiyo? Kama karo hiyo ni nafuu kuliko ya Makerere, hata kuanguka kwenyewe kunavumilika. Kama ni ghali zaidi, hatari yenu imeongezeka.

Pili, pesa inatoka wapi? Kuna ufadhili ambapo chuo kinasamehe karo yake chenyewe. Hapo uhai wa ahadi ni uhai wa chuo: chuo kinachochelewesha mishahara ya wahadhiri hakiwezi kubeba wanafunzi bure kwa muda mrefu. Kuna ufadhili wa mfadhili wa nje. Huo unategemea mfuko wa mtu aliye mbali, na tuliona mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, lilipofungwa jinsi miradi iliyodhaniwa ya kudumu ilivyokatika ghafla. Muulize afisa wa udahili bila kuona haya: pesa ya miaka yote minne imeshatengwa, au inaombwa kila mwaka? Kuna wanafunzi wa ufadhili huuhuu waliofika mwaka wa nne? Naomba niongee nao. Akikwepa swali la mwisho, umepata jibu.

Tatu, yasiyotajwa. Ada za usajili na mitihani, bima, vifaa vya kuchorea, kompyuta, na mafunzo ya kazini wakati wa likizo ndefu, ambapo binti atahitaji nauli, chumba, kofia na buti za saiti. Hata mkitenga milioni 2 kwa mwaka kwa hayo yote, jumla ni milioni 8, ambayo lori na vitenge vinaweza kuibeba bila kugusa ardhi. Tazameni pia kama kuna kifungu kinachomfunga kufanya kazi kwa mfadhili baada ya kuhitimu, au kinachodai pesa irudishwe akihama. Kifungu cha aina hiyo kikiwepo, msitie saini kabla wakili hajakisoma.

Sasa chuo chenyewe. Sheria yetu ya vyuo ya mwaka 2001 ndiyo iliyounda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Chuo cha binafsi huanza na leseni ya muda, kisha kikikomaa hupewa hati ya Rais, ile chata. Ulizeni chuo hicho kiko hatua gani. Halafu, na hili ndilo watu wanalisahau, ithibati ya chuo si ithibati ya kozi. Kila kozi hupitiwa peke yake na ina tarehe ya kukaguliwa upya. Mwaka 2023 kulizuka zogo kubwa ilipoonekana kozi nyingi zimepitwa na tarehe hiyo, na hata za Makerere zilikuwemo, kwa hiyo jina kubwa halikingi kila kitu. Orodha ya kozi iko kwenye tovuti ya NCHE, na ofisi yao iko Kyambogo kwa anayetaka kuuliza ana kwa ana.

Kwa uhandisi kuna mlango mwingine mgumu zaidi: Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Bila kusajiliwa huko binti hatakuwa na haki ya kujiita mhandisi na kutia saini michoro. Waandikieni au mwende, mtaje chuo na jina kamili la shahada, muulize kama mhitimu wake anapokelewa. Hapa sina huruma. Kama ERB haiitambui shahada hiyo, ufadhili huo haufai kwa kozi hii, hata wakiongeza na posho juu. Kama inaitambua, hofu ya baba watoto imepungua sana, kwa sababu matangazo ya kazi za serikali na za wilaya huuliza shahada kutoka chuo kinachotambuliwa na usajili wa ERB. Hayaulizi chuo ni cha ngapi duniani.

Kisha nendeni mkaone. Siku ya kazi, si siku ya wageni. Ombeni kuingia maabara. Kuna mashine ya kuvunjia matofali ya zege ya majaribio, na inafanya kazi, au ina vumbi? Vifaa vya kupimia ardhi viko vingapi? Watafuteni wanafunzi wa mwaka wa tatu pale kantini, wanunulieni soda, waulize walifanyia wapi mafunzo ya kazini. Hao hawajui kudanganya kama kipeperushi.

Ikiwa yote yamekaa sawa na binti akachagua ufadhili, lile pengo la kujuana ambalo mume wako analiogopa linaweza kuzibwa, ila si kwa kukaa tu. Ajiunge na chama cha wahandisi, UIPE, akiwa bado mwanafunzi. Likizo ndefu asikubali kupangiwa ofisi ya kupiga chapa karatasi. Aandike barua mapema kwa makandarasi wa barabara na kwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ambayo imerudishiwa kazi za UNRA, iliyokuwa mamlaka ya barabara kuu. Na jina la Makerere, kama bado analitaka, anaweza kulifuata kwa shahada ya pili, akiwa na mshahara wake au ufadhili mwingine, bila mzazi kuuza kitu. Njia hiyo nayo ina heshima yake.

Na ikiwa chuo hicho kitaanguka kwenye ukaguzi? Bado haimaanishi kiwanja kiuzwe. Serikali ina mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa elimu ya juu, ulioanzishwa chini ya bodi ya HESFB iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Inakopesha wanafunzi wa sayansi na teknolojia, inalipa karo na ada za chuo moja kwa moja, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Haigharimii malazi wala chakula, hayo mtabeba wenyewe. Maombi hufunguliwa kwa muda maalumu na si kila anayeomba hupata, kwa hiyo aombe hata kama mnaegemea ufadhili. Mkopo huo pamoja na mapato yenu unaweza kuifanya Makerere iwezekane kweli. Kuna pia kuomba nafasi yake ya Makerere iahirishwe mwaka mmoja. Lakini msidanganyike kwamba atasoma mwaka mmoja bure kule kisha ahamie Makerere na alama zake. Kuhama kupo, ila chuo kinachompokea ndicho kinachoamua masomo yapi kiyatambue, na mara nyingi mtu hujikuta ameanza upya.

Jambo moja limenisumbua katika barua yako nzuri. Umeniambia anachotaka mume wako, anachosema shemeji na inavyosita roho yako. Hukuniambia binti mwenyewe anasema nini. Ndiye atakayeamka saa kumi na moja alfajiri kuipigania 3.60, au kukaa Kikoni akijua kila chapati anayokula imetoka kwenye shamba la nyumbani. Watoto wengine mzigo huo huwapa nguvu, wengine huwavunja. Mkalisheni bila shemeji, mmuulize, na mmpe karatasi hii aisome.

Wiki ya kwanza, binti na mmoja wenu waende Kampala: NCHE na ERB siku moja. Wiki ya pili, mtembelee chuo cha ufadhili mkiwa na maswali yameandikwa. Katika muda huo barua zote mbili zibaki hai, msikatae popote. Wiki ya tatu baba watoto akiwa amerudi kutoka Juba, wekeni mezani majibu mliyopata na hesabu ya milioni 40, kaeni na mwalimu wa taaluma wa shule aliyotoka binti kama bado hamwelewani, ndipo mwandike jibu. Mpaka hapo dalali wa Masafu asipewe hata nakala ya hati.